Nyumba Yako Ina Thamani Gani Ukitoa Madeni na Kodi?

Shikamoo mzee. Nimejenga Uyole, kiwanja na ujenzi vimenila milioni 60. Nikipiga hesabu ya utajiri wangu niandike 60? – Fundi, Mbeya

Marahaba. Usiandike. Hiyo ni pesa uliyotumia, na mnunuzi hakulipi nondo zilizozama kwenye msingi kwa sababu kiwanja chako kiko bondeni. Ulizia nyumba zilizouzwa kweli mtaani kwako mwaka huu, si zile zenye kibao cha "inauzwa" kilichokwisha kupauka. Tuseme utapata 75. Faida ni 15, na kodi yake ni asilimia 10 ya faida, yaani milioni moja na nusu. Kama umeimiliki na kuishi humo miaka 3 au zaidi, faida isiyozidi milioni 15 inasamehewa. Ikizidi, unalipa. Toa na cha dalali. Kinachobaki mkononi ndicho uandike.

Risiti je? Juzi jirani yangu alinifungulia kopo la maziwa ya unga alimohifadhi risiti za saruji na mabati. Nusu yake zilikuwa karatasi tupu, wino umefutika wote. Bila risiti huna cha kuthibitisha gharama, na unaweza kulipa kodi kubwa kuliko unayostahili. Zipige picha leo hii.

Nyumba yetu ya Forest ni ya milioni 80, mkopo wa benki umebaki 35. Mume wangu anasema tuandike 80. – Mama Neema

Yenu ni 45. Swali hili linaletwa kila wiki na jibu halijabadilika: deni linatolewa. Mkopo wa mshahara utoeni pia, hata kama pesa yake ilienda kwenye arusi.

Mita ya umeme ya LUKU inanikata 1,500 kila mwezi. Je, inanipunguzia utajiri? – Ipogolo, Iringa

Hapana, hayo ni matumizi ya mwezi, elfu 18 kwa mwaka kwa nyumba isiyo ya ghorofa. Lakini soma vizuri: hiyo ni kodi ya jengo. Pango la ardhi, yaani malipo ya kila mwaka kwa serikali kwa kiwanja chenye hati, ni jingine, na LUKU hailigusi. Wenye hati wengi wamejisahau hapo, deni la miaka 7 limelala na wao wanajiona hawadaiwi. Ulizia unadaiwa kiasi gani, ukiandike upande wa madeni. Na wewe mpangaji unayenunua umeme, hiyo 1,500 ni ya mwenye nyumba. Kubalianeni aitoe kwenye kodi ya pango.

Nina kiwanja Mafinga, karatasi ya mauziano ina muhuri wa mwenyekiti wa mtaa. Nihesabu bei ya viwanja vyenye hati? – Mwalimu

Usihesabu hivyo. Ardhi ya nchi hii ni ya umma, Rais ndiye mdhamini. Tunachomiliki ni haki ya kuitumia, kwa hati ya miaka 33, 66 au 99. Karatasi yako inaonyesha ulinunua, haimzuii mwingine kuja na karatasi kama hiyo. Nimeona watu wawili wamesimama kwenye kiwanja kimoja, kila mmoja na muhuri wake, tofali za kila mmoja upande wake. Andika bei ambayo mtu angekupa leo kikiwa hivyo hivyo, kisha nenda halmashauri uulizie upimaji kabla hujamwaga hata tripu moja ya mchanga.

Baba alituachia nyumba Tukuyu, tuko sita. Naihesabu? – Kitindamimba

Fungu lako tu, na mirathi ikishafunguliwa.