Muulize Mwalimu: Joho la askofu

SWALI: Shikamoo Mwalimu. Binti yangu ameazima maktaba kitabu cha sanaa chenye picha ya Askofu Bossuet wa Ufaransa, iliyochongwa na Pierre-Imbert Drevet mwaka 1723. Ni wino mweusi mtupu, lakini ukiitazama unajua huyu alikuwa mtu mkubwa. Ukubwa huo unatoka wapi bila rangi?
Mama wa Morogoro

JIBU: Marahaba, mama. Uso uache kwanza, anzia kwenye nguo. Drevet alifuata picha ya rangi iliyochorwa na Hyacinthe Rigaud, akaichonga kwenye bamba la shaba nyekundu kwa kalamu ya chuma. Wino hujazwa kwenye mifereji ya kalamu hiyo, kisha bamba hukandamizwa kwenye karatasi. Mfereji ukiwa na kina hushika wino mwingi. Ukiwa wa juujuu, kidogo. Kwa hiyo kila kitambaa kina mwendo wake. Penye hariri mistari ni mirefu, inafuata mikunjo, inanenepa kivulini na kukonda hadi kupotea kwenye mwanga. Mng'ao ule ni karatasi tupu! Manyoya meupe ya joho ni mikato mifupi mifupi.

Halafu ile lesi. Niliwahi kuchonga pindo la lesi la upana wa vidole viwili, likanila wiki tatu. Mkono uliteleza mara moja tu, ikabidi niligonge bamba kwa nyuma, nilisugue, nianze tena. Tangu hapo siwezi kuipita lesi ya Drevet haraka. Lesi nzuri ilikuwa mali ya wenye nacho, naye Drevet ameihudumia kwa subira ileile aliyoitumia kwenye jicho la askofu.

Sasa rudi nyuma kidogo. Bossuet amesimama mzima, ana nguzo na pazia zito nyuma yake kama wafalme wanavyochorwa, na vitabu viko karibu naye, maana alikuwa mwanachuoni na alimfundisha mtoto wa Mfalme Louis XIV wa Ufaransa.

Mimi lakini nampenda zaidi mchongaji mwingine wa Ufaransa, Robert Nanteuil, aliyefariki 1678. Kwake mtu huishia kifuani, ndani ya fremu ya umbo la yai, na chini yake kuna ngao ya ukoo. Kadinali Mazarin mwenyewe, waziri mkuu wa Ufaransa, aliwekwa hivyo. Cheo kimeachiwa ngao na maandishi. Uso umejengwa kwa vidoa na mikato laini, nao umetulia kama mtu asiye na haja ya kupaza sauti.

Mpe binti kioo cha kukuzia. Achague mstari mmoja wa joho la Bossuet, aufuate mpaka unapozama kwenye weupe.