Ufuo wa Mlango wa Mto: Tuoge Saa Ngapi?

SWALI: Mhariri, tunakusudia kuwapeleka watoto kwenye ufuo wa umma unaosifiwa kwa mandhari yake, pale mto unapoingia baharini. Tumeonywa kwamba maji ya hapo hayatabiriki. Je, twende wakati gani?

JIBU: Kama nia yenu ni kutembea na kutazama ndege, fikeni maji yakiwa yamekupwa, kwani ndipo mafungu ya mchanga hujitokeza. Kuoga ni jambo jingine. Maji yanapokupwa, mkondo wa mto na maji ya bahari yanayorudi huelekea upande mmoja, kiasi kwamba hata mwogeleaji hodari anaweza kuvutwa nje. Na siku za bamvu, yaani maji yanapojaa na kupwa kupita kawaida, mwezi unapoandama au unapokuwa mpevu, nguvu hiyo huzidi. Kumbukeni pia kwamba maji kujaa huchelewa kwa takriban dakika 50 kila siku, hivyo saa za jana hazifai leo.

Linalonitia hofu zaidi ni fungu lenyewe: mtoto husimama maji yakimfika magotini, akapiga hatua mbili, akakosa pa kukanyaga. Mafungu haya huhama, kwa hiyo msitegemee mliyoyaona safari iliyopita. Ogeni mbali na mlango wa mto, penye mlinzi ikiwezekana. Mvua kubwa ikinyesha bara, nanyi mkaona mstari wa povu na vijiti ukitenga maji ya udongo na ya bluu, ahirisheni kuoga kwa siku mbili tatu, kwa kuwa mto huwa umebeba uchafu wa njia nzima.