Namba ya kuanzia isirudiwe katika AES-GCM
Umeuliza kama unaweza kuandika namba moja ya kuanzia (nonce, namba inayoingizwa pamoja na ufunguo kila ujumbe unaposimbwa) ndani ya programu na kuitumia kwa kila ujumbe unaosimbwa kwa AES-GCM, njia ya kuficha ujumbe na kuthibitisha kwamba haujabadilishwa. Haifai kabisa. Namba hiyo, ambayo kwa kawaida huwa ya biti 96, ikirudiwa chini ya ufunguo uleule, anayenasa jumbe mbili hupata XOR (tokeo la kulinganisha biti kwa biti) ya maandishi ya wazi ya jumbe hizo na, jambo ambalo wengi hulisahau, anaweza kukokotoa ufunguo wa ndani wa uthibitishaji na kughushi ujumbe utakaopokewa kama halali. Mimi ningechagua XChaCha20-Poly1305, njia nyingine ya aina hiyo iliyomo katika libsodium, maktaba ya msimbo wa usimbaji: namba yake ina biti 192, hivyo unaweza kuizalisha kwa nasibu kila mara, kwa randombytes_buf ya maktaba hiyo, wala si kwa rand() ya lugha ya C, ambayo namba zake zinaweza kubashiriwa.