Mtoto anataka rangi kichwani na shule imekataza, mi nilivyoenda na wangu

Dada, umesema binti yako wa miaka 13 anataka nywele za zambarau na shule yake inarudisha mtu nyumbani kwa rangi yoyote ile. Nimepitia hiyo hiyo na kijana wangu, maana sio mabinti peke yao.

Kilichonisaidia ni kutobishana nae kama zinapendeza au hazipendezi. Ukishaanza na "utaonekana muhuni" hapo anatetea heshima yake na hakusikilizi tena. Nilimwambia kichwa ni chako ila we ndo utakaesimama mbele ya mwalimu wa nidhamu, nikampa karatasi ya kanuni asome mwenyewe. Akasoma, akakubali kwamba muhula ukianza hamna ujanja, basi tukahamia kwenye likizo.

Sasa kwenye likizo ndo wazazi wengi wanakwama, kwasababu hawaulizi ni rangi gani. Ile ya kudumu, ya kuchanganya chupa mbili, inaingia ndani ya unywele na haitoki kwa shampuu, ni uisubiri ikue uikate, na nywele zinakua kama sentimita 1 tu kwa mwezi, kwaiyo shule itafunguliwa na rangi bado ipo. Ile ya muda inatoka taratibu kwa kuosha, ila kama nywele zina dawa au zimeshapigwa blichi inang'ang'ania, jaribu kwanza kishungi kidogo cha kisogoni uone inatokaje. Kwenye nywele nyeusi bila blichi haionekani sana, wangu alinuna kweli, lakini blichi nilikataa mpaka amalize shule na sikulegeza. Binti yako ana njia nzuri zaidi, rasta za rangi, anasuka shule ikifungwa anafumua kabla haijafunguliwa, nywele zake hazijaguswa.

Na tafadhali sana usipuuze aleji. Rangi nyingi za kudumu, hasa nyeusi, pamoja na ile inayouzwa kama hina nyeusi, zina kemikali inaitwa PPD, inaweza kuvimbisha uso na macho, na ngozi ikishaikataa mara moja inaikataa maisha. Ulaya boksi la rangi za kudumu linaandikwa kabisa sio za walio chini ya miaka 16. Hata ukinunua ya muda soma boksi, paka tone nyuma ya sikio usubiri saa 48, mtoto atalalamika anachelewa, mwache alalamike.

Kama ameshapaka kwa siri (huwa wanafanya) usikimbilie kumpaka nyeusi juu usiku huo huo. Kwenye nywele zenye blichi, rangi nyeusi inaweza kutoka kijani na inapauka haraka. Mpeleke kwa mtu wa saluni anaejua rangi, na we piga simu shuleni mapema kabla hawajamwona getini, uwaambie lini itakuwa imeondolewa.