Picha ya Utumbo Pekee Haitoshi

Juzi mama mmoja wa Wete aliniandikia akiuliza iwapo picha ya utumbo iliyotoka safi inatosha kumwondolea mwanawe shaka ya ugonjwa wa Hirschsprung, ule wa utumbo kushindwa kupitisha choo. Haitoshi, na nalisema hili kwa ukali kidogo kwa sababu mimi niliwahi kujibiwa kwamba inatosha.

Mwanangu alizaliwa hapa Pemba, zikapita siku mbili hajatoa choo cheusi cha mwanzo, tumbo limefura na anatapika nyongo. Jamaa walisema ni mchango, wakaleta dawa ya mizizi. Niliikataa mbele ya wakwe zangu, na wapo ambao hadi leo hawajanisamehe. Hospitali tuliyokwenda walimtilia dawa ya kuonesha kwa njia ya haja kubwa, wakampiga eksirei, ndiyo hiyo picha ya utumbo, wakaturudisha nyumbani kwamba hana kitu. Nilikataa hilo pia. Tulivuka hadi Dar es Salaam, na huko kipimo cha kinyama, yaani kipande kidogo cha utumbo kinachotolewa na kuchunguzwa kwa darubini, ndicho kilichosema kweli.

Ugonjwa huu, aliouelezea Harald Hirschsprung wa Copenhagen mwaka 1886, humpata takriban mtoto 1 kati ya 5,000, wavulana zaidi kuliko wasichana. Sehemu ya mwisho ya utumbo mpana hukosa seli za neva, kwa hiyo hubana na choo hakipiti. Picha hutafuta mahali utumbo uliobana unapokutana na uliotanuka, lakini kwa mtoto mchanga utumbo wa juu huenda haujapata muda wa kutanuka, na mpaka huo usionekane. Kipimo kingine, manometria, hupima mgandamizo kwa kipira kinachojazwa hewa ili kuona kama msuli wa ndani wa njia ya haja unalegea inavyopaswa. Haina mionzi, ila mtoto anayelia huivuruga. Kinyama huvutwa juu kidogo ya njia ya haja, mahali pasipo na maumivu makali, na kwa mchanga mara nyingi hakihitaji usingizi.

Uchambuzi wa tafiti uliochapishwa mwaka 2006 ulionesha kwamba picha iliwagundua takriban asilimia 70 ya wagonjwa, manometria 91 na kinyama 93. Kwa wasio na ugonjwa, ziliwatambua sawasawa asilimia 83, 94 na 98. Picha ina kazi yake, kwani humwonesha mpasuaji urefu wa sehemu iliyoathirika, japo kwa kukisia. Hukumu ni ya kinyama.

Basi wazazi wenzangu, msiogope koti jeupe. Ulizeni, na mkijibiwa kwa mkato ulizeni tena. Majibu ya kinyama yakija, someni kama kipande kilifika tabaka la chini ya utando wa ndani, maana kipande kisichotosha hakimaanishi mtoto ni mzima, hurudiwa. Na wakati mnasubiri, mtoto akipata homa, tumbo likajaa na akaharisha choo chenye harufu kali, mkimbizeni hospitali usiku huo huo.