Alichokikataa mjomba wako

Mwanangu mpendwa,

Barua yako nimeisoma, nikaiweka, nikaichukua tena. Unaniuliza kama kweli Mungu atamhukumu rafiki yako wa kazini, mtu mkarimu, mkweli, asiyemsengenya yeyote, kwa sababu tu hajamkubali Yesu. Umeuliza kwa adabu, lakini nimeisikia hasira iliyomo, wala sikulaumu. Hasira hiyo naijua. Nilikuwa nayo siku tuliyomzika mjomba wako.

Ulikuwa mdogo, umeng'ang'ania nguo yangu. Mhubiri alisimama kando ya kaburi, mchanga haujamalizika kurudishwa, akasema: "Huyu aliukataa wokovu, na alipo sasa mnapajua. Msiwe kama yeye." Bibi yako alikuwa amekaa pale pale, karibu kabisa. Alikuwa akilia, na maneno yale yalipotoka akanyamaza. Aliinamisha kichwa kama mtu aliyeaibishwa mbele za watu, na mpaka anafariki hakulitaja tena jina la mwanawe kanisani, hata wakati wa maombi ya familia. Maneno makali nayazoea. Bwana mwenyewe alisema makali kuliko hayo. Kilichonichoma, na kinanichoma mpaka leo, ni mtu kukaa pasipo pake. Kiti cha hukumu kina mwenyewe. Umenisikia nikisema hivyo tangu utotoni, na sasa unajua nilianza siku gani kulisema.

Mhubiri yule hakujua habari ya mtoto. Wewe unaijua kwa juu juu tu, kwa sababu nyumbani tuliizungumza kwa sauti ya chini. Mjomba wako alikuwa mwimbaji wa kwaya. Sala ya Bwana nilifundishwa na yeye, kabla hata sijajua kusoma. Kisha mwanawe wa kwanza akafa akiwa mchanga, hajabatizwa, na kiongozi wao wa kanisa akakataa kuja kuomba kaburini. Kaka yangu akachimba mwenyewe, akazika mwenyewe, akarudi akanawa mikono na kusema: "Kama Mungu ndiye huyu, basi mimi naye tumeachana." Tangu siku hiyo aliingia kanisani mara moja tu, kwenye harusi yangu, akakaa kiti cha nyuma karibu na mlango.

Wazo lile la kumfungia mtoto mchanga nje halikuzuliwa na kiongozi yule. Agostino, mwalimu mkubwa wa kanisa la kale, katika karne ya 5 alifundisha kwamba watoto wafao bila ubatizo wamo hukumuni, ingawa adhabu yao ni nyepesi kuliko zote. Sisi si Wakatoliki, lakini ilinigusa kusoma kwamba mwaka 2007 tume ya wanateolojia wao ilitoa waraka, kwa idhini ya Papa Benedikto wa 16, ukisema ziko sababu nzito za kutumaini kwamba Mungu huwaokoa watoto hao. Zaidi ya miaka 1,500 baada ya Agostino! Nilisoma nikamlilia kaka yangu upya. Alikuwa kaburini zamani.

Basi nakuuliza: mjomba wako alimkataa nani? Alimkataa Yesu aliyesema waacheni watoto waje kwangu, au alimkataa mtu aliyewazuia?

Lakini hapo lazima nijizuie, maana moyo wa dada ni wakili mzuri mno. Yohana 3:18 haikuandikwa kwa penseli: "asiyeamini amekwisha kuhukumiwa." Petro naye, katika Matendo 4:12, anasema hakuna wokovu katika mwingine awaye yote. Siwezi kuyafuta maneno hayo kwa sababu nilimpenda mtu. Wala sitaki. Usiingie katika kundi la wanaosema hukumu ni hadithi ya kutishia watu. Pasipo hukumu, waliodhulumiwa wakafa kimya watapata wapi mtetezi? Ninapoomba haki kwa ajili yao, ninaomba hukumu hiyo hiyo. Nami nitakuwa mmoja wa watakaosimama mbele yake.

Ila soma mstari unaofuata ule wa Yohana 3:18. "Na hii ndiyo hukumu, ya kuwa nuru imekuja ulimwenguni, na watu wakapenda giza kuliko nuru." Kukataa kunakosemwa pale ni kwa mtu aliyeiona nuru, akajua ni nuru, akaondoka. Mwangalie yule tajiri wa Marko 10. Yesu alimkazia macho, akampenda, akamwambia auze alivyo navyo amfuate. Yule akaenda zake kwa huzuni. Yesu hakumkimbilia, hakupunguza masharti. Hilo linanitisha, kwa sababu linaonyesha kwamba mtu anaweza kupendwa na Bwana uso kwa uso na bado akageuka. Lakini Maandiko hayasemi yule tajiri aliishia wapi. Hata yeye ameachiwa mwenye kiti.

Na kuna Luka 12, ambayo wahubiri wa makaburini huipita haraka. Mtumwa aliyejua mapenzi ya bwana wake asiyafanye atapigwa sana; asiyejua atapigwa kidogo. Maneno hayo yananielekea mimi kabla ya kumfikia rafiki yako. Mimi niliyelelewa na Biblia, niliyepewa kila kitu mkononi, nitadaiwa zaidi. Petro anasema hukumu inaanza katika nyumba ya Mungu, sisi tukianza huwa tunaanza kwa jirani.

Sasa nikwambie jambo ambalo sijamwambia mtu isipokuwa baba yako. Usiku mmoja wa mwisho mwisho nilikuwa peke yangu na mjomba wako. Nilimwambia, "Kaka, Yesu bado anakuita." Alikaa kimya muda mrefu hata nikadhani amelala. Kisha akasema, "Yeye sina ugomvi naye." Akanigeuzia mgongo. Hakusema kingine kuhusu jambo hilo mpaka alipofariki.

Nimeyapima maneno hayo kwa miaka. Kutokuwa na ugomvi na mtu si kumwamini. Bwana alisema, "Mtu asiye pamoja nami yu kinyume changu." Najua, iko Mathayo 12. Lakini ni yeye huyo huyo, katika Marko 9, aliyesema, "asiye kinyume chetu, yu upande wetu." Kuna siku naamka na mstari wa kwanza, kuna siku naamka na wa pili. Yule mnyang'anyi msalabani alisema zaidi kidogo ya alivyosema kaka yangu, aliomba akumbukwe. Kaka yangu hakuomba. Au aliomba baada ya kunigeuzia mgongo, mahali ambapo sikio langu halifiki.

Unataka niseme yuko wapi. Mwanangu, ungejua ninavyotamani kulisema! Neno liko mdomoni kabisa. Lakini nikilisema nitakuwa nimekaa pale alipokaa mhubiri yule, hata kama nimekalia upande wa huruma. Kiti kina mwenyewe. Yohana 5:22 inasema Baba amempa Mwana hukumu yote, maana yake atakayemhukumu kaka yangu ni yule aliyechomwa misumari kwa ajili yake, naye anajua habari ya mtoto yule kuliko ninavyoijua mimi. Ibrahimu alimwuliza Mungu, "Mhukumu ulimwengu wote asitende haki?" Mimi nalala kwa swali hilo. Usiku mwingine silali.

Kuhusu rafiki yako: umeniandikia kwamba hajamkubali Yesu, hukuniandikia ni Yesu gani alioneshwa, wala na nani. Huenda aliambiwa vizuri kabisa akakataa akiwa na akili timamu, na hilo ni zito, usilichukulie kirahisi kwa sababu ni mtu mwema. Huenda pia kuna kaburi dogo mahali fulani ambalo hajakusimulia. Usimhubirie kwanza. Muulize alikataa nini, umsikilize mpaka amalize, kisha umwambie wewe mwenyewe unavyomjua Bwana, bila kumficha kwamba jibu lake lina uzito. Halafu niandikie alichokujibu, na jina lake la kwanza, niombe nikimtaja.

Mama yako