Ukimtembelea ndugu yako ughaibuni, usikae sebuleni

Wiki iliyopita msomaji mmoja aliniandikia, na ameniruhusu nimjibu hadharani kwa sababu najua hayuko peke yake. Kaka yake anaishi Wales, Uingereza. Binti wa watu amejinyima, ameweka fedha ya tiketi, akamwambia kaka kwamba anakwenda Novemba. Kaka akajibu kwa ufupi: "Novemba usije, ngoja kwanza." Tangu siku hiyo halali. Ananiuliza: ananikwepa? Ana familia asiyotaka tuijue? Mambo yamemwendea kombo?

Yote yanawezekana, mimi si mpiga ramli. Ila kabla hujaenda kumlilia mama, mdogo wangu, tazama mambo mawili. Mwishoni mwa Oktoba Uingereza nzima hurudisha saa nyuma, na ikifika Novemba jua la Swansea, mji wa pwani wa huko Wales, linazama kwenye saa kumi na nusu jioni au hata kabla. Kaka yako atatoka gizani na kurudi gizani, na wewe utabaki kwenye kochi ukihesabu matone dirishani. La pili ni likizo. Sheria ya kule humpa mfanyakazi wa siku tano kwa wiki siku 28 za likizo ya malipo kwa mwaka, na mwajiri anaruhusiwa kuzihesabu sikukuu za taifa humohumo. Tena si kwamba unaomba leo na kesho unapumzika, kwani mwajiri anaweza kuikataa tarehe uliyoitaka. Kwa hiyo ndugu aombe likizo kwanza, akubaliwe, ndipo tiketi ikatwe. Sisi wengi huanza na tiketi, halafu tunalalamika kwamba ndugu amebadilika. Mwombe Mei, au Septemba. Juni kule kunakuwa na mwanga mpaka saa tatu na nusu usiku, na huo ndio wakati wa kuiona nchi.

Kwangu mimi, ndugu aliye ughaibuni ni dada yangu mkubwa, yuko huko Swansea. Anafanya kazi katika nyumba ya kulelea wazee. Habari za viza na ndege naziruka, hazina utamu wowote.

Hakuja kunipokea. Nalisema hivyo hivyo, bila kulipaka rangi. Nilipanda basi la masafa marefu kutoka Heathrow peke yangu, nikashuka kwenye kituo nisichokijua, nikafuata maelekezo aliyonitumia kwenye simu mpaka mlangoni, na ufunguo nikaukuta kwa jirani, mama mtu mzima aliyeniita "love" kana kwamba amenizaa. Nyumba ilikuwa kimya. Mlangoni mwa friji kulikuwa na ratiba yake ya zamu, ameipaka kalamu mwenyewe, nyekundu kwa usiku na buluu kwa mchana. Nikasimama na begi langu bado begani nikitafuta visanduku vyeupe, yaani siku zake za kupumzika. Vilikuwa vichache mno. Viwili kati ya hivyo alikuwa ameandika jina langu, lile la nyumbani ambalo nimewakataza watu wote kuliita.

Sikuliona pendo katika karatasi ile siku hiyo. Niliona nimewekwa kwenye foleni. Na siwafichi, mpaka leo nikikikumbuka kile kituo cha basi kuna kitu kinanikaba kooni.

Sasa hapa ndipo wageni wengi wanapoharibu safari yao. Wananuna. Wanalala mpaka saa sita mchana, wanamsubiri mwenyeji arudi kazini amechoka ili awatembeze, na asipowatembeza wanapiga simu nyumbani kusema wanateswa. Mimi nilivaa viatu nikatoka.

Swansea imelala juu ya ghuba pana, na kando ya maji kuna njia ya kutembea na baiskeli inayokwenda mpaka Mumbles. Zamani hapo ilipita reli iliyoanza kubeba abiria mwaka 1807, inayotajwa kuwa ya kwanza duniani kufanya hivyo kwa nauli, mpaka ilipofungwa mwaka 1960. Nilitembea mpaka mwisho, na kesho yake nikaendelea kwa njia inayopita juu ya magenge kutoka ufukwe wa Langland hadi wa Caswell. Hata mtu asiye na mazoezi anaiweza. Nilipomwambia dada nilikofika alicheka, akasema kuna wenzake wa kazini waliozaliwa pale pale na hawajawahi kuitembea. Nitajisifu kidogo: kabla siku zangu hazijaisha, mimi ndiye niliyekuwa nikimwelekeza basi la kupanda kwenda Gower, na si yeye mimi.

Gower ni rasi iliyo magharibi ya mji. Mwaka 1956 ilikuwa eneo la kwanza Uingereza kuwekwa rasmi chini ya hifadhi kwa uzuri wake wa asili, na ukifika Rhossili huhitaji kuelezwa sababu. Ufukwe wa mchanga wa karibu kilomita tano, kilima nyuma yake, na maji yakitoka unaziona mbavu za mbao za Helvetia, meli ya Norway iliyokwama pale mwaka 1887. Zimesimama tu mchangani, nyeusi, na watoto wanazizunguka.

Huko ndiko tulikokwenda siku yetu nyeupe. Mwisho wa rasi kuna kisiwa chembamba kirefu kinachoitwa Worm's Head. Kinafikika kwa miguu kupitia miamba maji yakiwa yamekupwa, kama saa mbili na nusu kabla ya maji kufika chini kabisa na saa mbili na nusu baada yake. Nje ya hapo njia inafunikwa, na mkondo wake umeua watu. Saa za kuvuka zinabandikwa pale pale juu, na kuna kibanda cha wanaojitolea kuangalia bahari. Dada alisoma saa, akaweka kengele ya simu ilie mapema kuliko muda wa mwisho, akanikagua viatu kama ninakwenda darasa la kwanza. Tukashuka.

Miamba ile imejaa kome na vidimbwi, huwezi kutembea huku unamtazama mwenzako usoni. Macho yako chini, mikono unaitanua upate kusimama. Nadhani ndicho kilichomfungua. Tulipofika upande wa pili tukakaa kwenye majani, sili, wale wanyama wa baharini, wamejilaza mawe ya chini wakitukodolea, naye akaanza kuzungumza habari za baba.

Baba alipofariki, dada hakuja kuzika. Katika ukoo wetu jambo hilo lilisemwa mpaka likawa methali. Ulaya imemmeza. Mimi nilikuwa miongoni mwa waliolinyamazia. Pale juu ya kile kisiwa ndipo aliponieleza kwamba wiki ile ombi lake la kuongezewa kibali cha kukaa lilikuwa mezani halijajibiwa, na kwa sheria ya kule ukitoka nje ya nchi kabla ya jibu, ombi linahesabiwa kuwa umeliondoa mwenyewe. Angezika, halafu asingekuwa na pa kurudi, wala mshahara uliokuwa ukilipa hospitali ya mama.

"Mbona hukusema?"

"Ningesema wapi? Kwenye simu, umeweka spika, sebule nzima inasikiliza?"

Sikuwa na jibu. Kengele ikalia, tukaanza kurudi.

Ndiyo maana nawaambia watu: mtoe ndugu yako nje ya nyumba. Ndani ya nyumba yake yeye ni mwenyeji, ana vyombo vya kuosha, ana bili mezani, nawe ni mgeni unayesubiri kuhudumiwa, na mkikaa mkitazamana mnarudia yale yale ya utotoni, nani alipendwa, nani alisomeshwa. Mtu akitembea anasema. Miaka kumi ya simu za Jumapili haikunipa kile nilichopewa kwenye jabali lile, na nyinyi mnaojaza ziara nzima kwa maduka na picha za mbele ya majengo, mtarudi na picha zenu na hamtajua ndugu yenu anaishije.

Ila bahari ya kule iheshimu. Mlango wa bahari wa Bristol, ambao ndio maji ya upande ule, unazidi kubanwa kadiri unavyoingia ndani, kwa hiyo maji yanayoingia kutoka Atlantiki yanapanda juu sana. Kule ndani kabisa, tofauti ya kupwa na kujaa ni miongoni mwa kubwa zaidi duniani. Swansea kwenyewe wakati wa bamvua, siku za maji makubwa, inapita mita nane, na maji yakiwa mafu, siku za maji madogo, inapungua karibu nusu. Tena hayapandi kwa mwendo mmoja. Katika zile saa sita za kujaa, saa ya kwanza hayaendi, unajiona una muda, kisha nusu ya maji yote inaingia katika saa ya tatu na ya nne. Wanaokwama wanakwama hapo. Nunua kijitabu cha ratiba ya maji, au itazame kwenye simu, na uangalie tarehe usije ukasoma ya jana. Ukikwama Worm's Head, kaa huko huko juu pakavu mpaka yakupwe tena, usithubutu kuogelea. Namba ya dharura ni 999, na ukiwa baharini unaomba Coastguard, yaani walinzi wa pwani. Kuogelea, ogelea kati ya bendera za nyekundu na njano, ambako waokoaji wa RNLI wanakutazama. Hao ni shirika la hisani tangu mwaka 1824, hawakutozi kwa kukuokoa. Hospitali ni jambo jingine: mgeni hutozwa matibabu mengi baada ya kulazwa, kwa hiyo kata bima ya safari, usimwachie ndugu yako deni.

Viatu vya kushika mwamba, koti la mvua hata kama kunawaka jua, na nauli yako mwenyewe mfukoni. Jumapili mabasi ya mashambani ni machache, uliza kabla. Changia umeme na chakula bila kusubiri kuambiwa. Atakataa. Changia hivyo hivyo.

Na zile orodha za ndugu na majirani, niletee simu, niletee viatu namba fulani, usizipeleke kwa mwenyeji wako. Mimi nilifika na karatasi iliyojaa pande zote mbili. Dada aliisoma hadi mwisho, akaikunja, akaniuliza ni nani kati ya wote hao aliyeagiza nimuulize hali yake. Nilimtajia mama. Vitu vya mama vilinunuliwa siku iliyofuata, waliobaki wananinunia mpaka leo, na waendelee tu.